Lullingstone: Jumba la Kirumi Lisomwe Kuanzia Ghalani

Mgeni anayefika Lullingstone, jirani na kijiji cha Eynsford katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, huingia chini ya paa pana lililojengwa kuyakinga mabaki ya nyumba ya Kirumi, na kitu cha kwanza kuyavuta macho yake ni sakafu. Kwenye mozaiki ya karne ya 4 iliyotandazwa katikati ya nyumba, shujaa Bellerophon amepanda farasi mwenye mabawa na anamchoma mkuki Kimera, lile dubwana la hadithi za Kiyunani. Hatua chache kutoka hapo, katika chumba cha chakula chenye ukuta wa nusu duara, binti Europa anavushwa bahari mgongoni mwa fahali ambaye si fahali bali ni mungu Jupiter aliyejigeuza. Tangu mahali hapa pafunguliwe kwa umma mwaka 1963, picha hizo mbili ndizo zimekuwa sura ya Lullingstone.

Sina ugomvi na sakafu hiyo. Ninachopinga ni desturi ya kulianzia simulizi la nyumba hii sakafuni, kana kwamba shamba lililoizunguka lilikuwa mandhari tu ya kupendezesha dirisha. Warumi wenyewe hawakulielewa hivyo neno villa. Kwao villa ilikuwa nyumba pamoja na mashamba, mazizi, misitu na watu wake, na Columella, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, aliigawa katika sehemu tatu: anapokaa bwana, wanapokaa watumishi na mifugo, na yanapohifadhiwa mazao. Ukiziondoa hizo mbili za mwisho, unabaki na sebule isiyo na jiko. Jengo linaloieleza Lullingstone, kwa maoni yangu, ni ghala la nafaka lililosimama kati ya nyumba na mto, ambalo halina picha hata moja ya kumsimamisha mpita njia.

Ghala hilo lilijengwa kuelekea mwisho wa karne ya 3, wakati nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kutimiza takriban miaka 200. Lilikuwa na urefu wa mita 24 hivi na upana wa mita 10, na sakafu yake iliinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite chini na nafaka isiote ukungu. Tufanye hesabu ya vidole, nikikiri mapema kwamba ni yangu mwenyewe na si ya wachimbaji. Tuseme nusu tu ya eneo hilo, yaani mita za mraba 120, ilijazwa nafaka kwa kina cha mita moja. Ngano iliyokobolewa ingefika tani 90. Lakini ngano iliyolimwa zaidi Uingereza ya wakati huo ilikuwa spelta, ambayo punje yake hung'ang'ania kumvi na huhifadhika vizuri zaidi ikiwa nalo, kwa hiyo tuikate hesabu hiyo nusu, tubaki na tani 45. Mtu mzima afanyaye kazi ngumu akila kilo 300 kwa mwaka, shehena hiyo inawatosha watu 150. Hata mwenye kubania hesabu namna hii hataweza kuwapata watu 150 ndani ya nyumba ya Lullingstone, ambayo kwa kipimo cha majumba ya Kirumi ilikuwa ya wastani tu. Ghala lilijengwa kwa ajili ya walaji wa mahali pengine.

Walaji hao walifikika kwa sababu ya bonde. Darent ni mto mdogo, usiofika kilomita 40 kwa urefu. Huanzia karibu na Westerham, hukata vilima vya chokaa ukielekea kaskazini, kisha hupita Dartford na kumwaga maji yake katika Thames. Mkulima aliyekaa katikati ya bonde hilo alikuwa na kila alichohitaji ndani ya mwendo wa asubuhi moja: majani mabichi ya ng'ombe kandokando ya maji, udongo wa kupitisha jembe la kukokotwa kwenye miteremko ya chini, malisho ya kondoo juu ya vilima, na misitu kwenye udongo mzito wa kileleni. Karibu na mdomo wa mto ilipita barabara kuu ya Kirumi iliyotoka bandari za Kent kwenda London, na London yenyewe haikuzidi kilomita 35. Si ajabu kwamba bonde lilijaa nyumba za aina hii: Otford upande wa juu, Farningham jirani kabisa, na Darenth upande wa chini, ambayo ilipochimbwa katika miaka ya 1890 ilionekana kuwa kubwa kuliko Lullingstone. Mtu aliyeshuka na mto siku moja angeziona zote, na mashamba yao yakipakana.

Mlaji mkubwa kuliko wote, hata hivyo, hakuwa London. Alikuwa jeshi. Katika karne ya 4 Dola ya Kirumi ilikusanya sehemu kubwa ya kodi yake kwa nafaka badala ya fedha, na askari waliolinda mpaka wa mto Rhine walikuwa wakila ngano iliyovushwa kutoka Uingereza. Ammianus Marcellinus, mwanahistoria aliyekuwa askari enzi hizo hizo, anaeleza jinsi Julian, kabla hajawa Kaisari mkuu, alivyojenga upya mwaka 359 maghala yaliyochomwa huko Rhine ili kupokea shehena ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa kawaida kuletwa kutoka Uingereza. Julian mwenyewe alijisifu kwamba alikusanya meli 600 kwa ajili ya safari hizo. Zosimus, aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, alizifanya kuwa 800. Idadi hizo tuzichukue kwa tahadhari, maana mtawala anayejieleza kwa raia hana mazoea ya kupunguza. Lakini neno "kawaida" la Ammianus lina uzito kuliko meli zote hizo, kwa sababu linaonyesha utaratibu uliokwisha kuzoeleka. Ghala la Lullingstone lilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne mwaka huo, na miongo hiyo hiyo ndiyo Bellerophon na Europa walipotandazwa sakafuni.

Hapo ndipo makala nyingi za majumba ya Kirumi huishia: bonde zuri, soko la uhakika, mwenye shamba anatajirika, anamwita fundi wa mozaiki. Kuna kitu kinarukwa. Tani 45 za nafaka hazikujipeleka ghalani. Nani alilima, nani alivuna kwa mundu, nani aliipasha nafaka moto ili kumvi liachie punje, nani alibeba magunia hadi mtoni? Nyumba ya bwana ilijengwa kwa mawe ya gumegume na chokaa, ndiyo maana imedumu. Makazi ya wafanyakazi wa mashambani Uingereza ya Kirumi kwa kawaida yalikuwa ya miti na udongo, na msomaji aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo anajua kwamba paa likishaondoka, masika machache yanatosha kuirudisha ardhini. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Habari zao tutazipata London, kwenye vibao viwili vya mbao. Warumi waliandika mikataba kwa kuchora juu ya nta iliyopakwa kwenye kibao. Nta huyeyuka na kupotea, lakini ncha ya chuma ikikandamizwa sana huacha mikwaruzo kwenye mbao, na udongo wenye majimaji huihifadhi mikwaruzo hiyo kwa karne nyingi. Kibao cha kwanza kina tarehe kamili, Machi 14 mwaka 118, na kinahusu msitu ulioko kwenye nchi ya Cantiaci, watu waliolipa jimbo la Kent jina lake. Msitu huo, uitwao Verlucionium, una ukubwa wa arepenni 15, kipimo cha Kigauli ambacho kwa mizani yetu kinafanya karibu hekta mbili, na umepakana na ardhi ya warithi wa fulani, ardhi ya warithi wa Caesennius Vitalis na barabara ya jirani. Lucius Julius Bellicus anasema aliununua kutoka kwa Titus Valerius Silvinus kwa dinari 40. Mtu yeyote aliyewahi kushuhudia shauri la mipaka ya shamba ataitambua lugha hiyo mara moja.

Kibao cha pili kilifukuliwa mwaka 1994 na kinakadiriwa kuandikwa kati ya mwaka 75 na 125. Nacho ni mkataba wa mauziano, ila kilichouzwa ni msichana. Anaitwa Fortunata, "au kwa jina lingine lolote ajulikanalo", asili yake ni kabila la Diablintes la kaskazini-magharibi mwa Gaul, ambayo leo ni Ufaransa. Muuzaji anathibitisha kwamba ana afya njema na si mtu wa kuzurura wala kutoroka. Bei yake ni dinari 600. Mnunuzi, Vegetus, ni mtumwa. Bwana wake, Montanus, naye ni mtumwa, wa Kaisari. Mtumwa wa mtumwa alikuwa na uwezo wa kutoa fedha inayolingana na mshahara wa askari wa legioni kwa takriban miaka miwili ili awe na mtumwa wake.

Viweke vibao hivyo viwili pamoja. Kwa bei ya Fortunata, Bellicus angeweza kununua misitu 15 kama Verlucionium, karibu hekta 28 za miti ya Kent. Ulinganisho huu una kasoro zake, na ni haki kuzitaja: msitu si shamba lililokwisha kulimwa, bei ya mjini si bei ya bondeni, na Fortunata huenda alinunuliwa kwa kazi za nyumbani na hakuwahi kushika jembe. Vibao vyenyewe ni vya zamani kuliko ghala kwa zaidi ya miaka 150. Hata hivyo pengo la mara 15 haliwezi kufutwa na kasoro hizo zote. Ardhi katika pembe hii ya dola ilikuwa rahisi. Kilichokuwa ghali ni mikono. Mwenye kutaka kuujua utajiri wa bonde la Darent asihesabu hekta kwanza. Ahesabu watu ambao mwenye nyumba aliweza kuwashika wasiondoke.

Aliwashikaje? Kwa Italia jibu tunalo, na halipendezi. Varro, mwandishi wa Kirumi, katika kitabu cha kilimo alichokiandika mwaka 37 kabla ya Kristo, anataja bila kupepesa macho mgawanyo wa vifaa vya shamba katika aina tatu: visivyo na sauti, kama mikokoteni, vyenye nusu sauti, kama ng'ombe, na vyenye kusema, yaani watumwa. Cato kabla yake alimshauri mwenye shamba auze ng'ombe mzee, mkokoteni mkuukuu, mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa, vyote katika sentensi moja. Columella anaagiza watumwa wenye minyororo walazwe katika chumba cha chini ya ardhi chenye madirisha membamba yaliyo juu kiasi cha kutofikiwa kwa mkono. Siwezi kuuhamishia mfumo huo wote kwenye vilima vya Kent na kuuita ushahidi. Yaelekea sehemu kubwa ya waliolima bonde la Darent walikuwa wakulima Wabritania wenyeji, wazao wa wale waliolima hapo kabla majeshi ya Claudius hayajavuka bahari mwaka 43, wakilipa kodi ya pango kwa mwenye nyumba na kodi ya nafaka kwa dola, huku watumwa wakifanya kazi za ndani na zile za msimamizi, yule ambaye sisi tungemwita mnyapara. Lakini mkulima mpangaji naye alifungwa. Mwaka 332 Kaisari Constantine alitoa sheria iliyoamuru mpangaji aliyekimbilia shamba la mwingine arudishwe, na anayeshukiwa kutaka kukimbia afungwe minyororo kama mtumwa. Sheria ya namna hiyo haitungwi pale ambapo mikono ni mingi kuliko kazi.

Ajabu ni kwamba nyumba hii hii huenda ilipata kukaliwa na mtu aliyeyajua mambo hayo kutoka ndani ya ukoo wake. Katika chumba cha chini cha Lullingstone zilipatikana sanamu mbili za marumaru za vichwa vya wanaume, za karne ya 2, ambazo sasa ziko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Baadhi ya wataalamu wamependekeza kwamba mmoja ni Pertinax, aliyekuwa gavana wa Uingereza kuanzia mwaka 185 hivi, na mwingine ni baba yake, Helvius Successus. Wakiwa sahihi, jumba hili lilikuwa nyumba ya mapumziko ya gavana. Helvius Successus alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Mwanawe akawa mwalimu, kisha askari, kisha gavana, na mwaka 193 akawa Kaisari kwa muda usiotimia miezi mitatu kabla walinzi wake hawajamuua. Kwa hiyo uso wa mtu aliyewahi kuwa "kifaa chenye kusema" ulichongwa kwa marumaru na kuwekwa kwa heshima katika shamba lililoendeshwa kwa jasho la wengine. Sioni dalili yoyote kwamba jambo hilo lilimkosesha mtu usingizi.

Nirudi sakafuni, maana baada ya ghala hata sakafu inasomeka vingine. Kuzunguka Bellerophon, fundi aliweka nyuso za majira manne ya mwaka, moja kila pembe. Majira ya baridi ni mwanamke aliyejifunika joho kichwani. Ya machipuko ni msichana mwenye ndege begani. Ya joto ni mwanamke mwenye masuke ya ngano katika nywele zake. Uso wa nne, wa majira ya kupukutika majani, umepotea. Masuke yale katika nywele ndiyo mahali pekee ambapo shamba linaingia ndani ya nyumba, nayo yameingia yakiwa pambo. Aliyeyavuna hayumo. Juu ya Europa kuna mistari miwili ya shairi la Kilatini isemayo kwamba Juno mwenye wivu, mke wa Jupiter, kama angemwona fahali yule akiogelea, angekuwa na haki zaidi ya kwenda kwenye nyumba ya Aeolus, bwana wa pepo. Utani huo anauelewa tu aliyemsoma Virgil, ambaye shairi lake kuu linaanza na Juno akimwendea Aeolus amtake alete tufani. Na huko Otford, kilomita chache juu ya mto, nyumba nyingine ilichorwa ukutani pamoja na maneno ya Virgil huyo huyo. Majirani wawili wa bonde moja walikuwa wakionyeshana usomi wao kwa wageni wa chakula cha jioni. Ninaliona hapo jambo ambalo ghala peke yake lisingenionyesha: ziada ya nafaka ilinunua mawe ya rangi, na ilinunua pia miaka ya mtoto kukaa mbele ya mwalimu badala ya kuwa shambani.

Baada ya mozaiki, wenye nyumba waligeukia Ukristo. Katika nusu ya pili ya karne ya 4 chumba kimoja kilichokuwa juu ya kile chenye sanamu kilipakwa picha za watu sita waliosimama wakiwa wameinua mikono kwa sala, pamoja na alama ya herufi za kwanza za jina la Kristo. Nyumba ilipoungua mwanzoni mwa karne ya 5, ukuta huo ulianguka vipande maelfu ndani ya chumba cha chini. Katika karne ya 18 vibarua waliokuwa wakichimba mashimo ya nguzo za uzio wa bustani ya kufugia wanyama aina ya paa waliitoboa mozaiki na kuendelea na kazi yao. Mwaka 1939 mti ulioangushwa na upepo ukafichua vipande vingine. Na kuanzia 1949 hadi 1961 kikosi cha Luteni Kanali G. W. Meates kikachimba mahali hapo kwa utaratibu. Picha za watu wenye kusali ziliunganishwa upya kipande kwa kipande, na leo ziko katika makumbusho ile ile zilipo sanamu. Hii ni mojawapo ya alama za kale kabisa za ibada ya Kikristo Uingereza, na sitaki kuipunguzia thamani.

Ila moto huo umepewa nafasi kubwa mno katika maelezo ya jinsi nyumba hii ilivyokwisha. Ghala lilibomolewa kabla yake, kuelekea mwisho wa karne ya 4, wakati nyumba ingali na watu. Tafsiri yangu ni kwamba mlaji mkubwa alikuwa anaondoka. Mwaka 383 jemadari Magnus Maximus aliyachukua majeshi ya Uingereza kwenda kupigania ufalme Gaul, na mwaka 407 Constantine wa Tatu akafanya vivyo hivyo. Kati ya miaka hiyo miwili, mwishoni mwa mwaka 406, mpaka wa Rhine ulivunjwa na makabila yaliyovuka mto. Bila jeshi la kulisha, na bila dola yenye nguvu ya kumrudisha mkulima aliyehama, tani 45 za ngano zilikuwa mzigo usio na mnunuzi, na ghala la kuziweka likawa rundo la mawe mazuri ya kujengea. Mwenye nyumba hakuliacha lianguke lenyewe. Alilibomoa, akasawazisha mahali pake, na akaendelea kwa miaka kadhaa kusali katika chumba chake cha juu, akiangalia mto ambao haukuwa tena na kitu cha kumpelekea mtu.